Nimepamba notisi za aljebra kwa rangi na michoro, mbona wanafunzi wangu wanazidi kupotea?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha hisabati katika shule ya kata huku Rungwe, milimani juu ya Tukuyu. Sina miaka mingi kazini. Darasa langu la kidato cha pili lina wanafunzi 74 kwenye chumba kimoja. Wengi ni watoto wa wakulima wa ndizi, chai na parachichi, na wengine kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa. Ni watoto wenye adabu, wanafika wamelowa mvua na hawalalamiki. Lakini aljebra imewashinda, na mimi imeanza kuninyima usingizi.

Mwanzoni nilikuwa natoa notisi jinsi nilivyotolewa mimi: kanuni juu, mfano mmoja chini yake, halafu zoezi. Monita anaandika ubaoni, wenzake wananakili, kengele inalia. Nikikusanya madaftari nakuta yameandikwa vizuri, ila hakuna dalili kwamba yamefunguliwa tena baada ya siku ile.

Mwaka huu nikaamua kubadilika. Nikanunua chaki za rangi na manila kwa fedha yangu, nikachora mikungu ya ndizi na maparachichi. Nikawaambia n ni ndizi na p ni parachichi, kwa hiyo 3n + 2p ni ndizi tatu na maparachichi mawili. Darasa lilichangamka mno, hata wale wa madawati ya nyuma walinyoosha mikono. Nikarudi nyumbani na furaha.

Kisha nikatoa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa kurahisisha 3n + 2p + n. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 6np. Swali la pili: shambani kuna migomba mara sita ya miparachichi; kama m ni idadi ya migomba na p ni idadi ya miparachichi, andika mlinganyo. Wengi waliandika 6m = p. Na tulipoanza kufungua mabano, nikaandika n × n, mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, ndizi mara ndizi ni nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wenzangu ofisini wanasema michoro ni mambo ya chekechea. Mtaaluma anataka muhtasari uishe mapema ili tubaki na muda wa marudio kabla ya upimaji wa taifa wa kidato cha pili. Projekta hatuna, kopi zinatolewa mjini kwa kulipia, na wazazi siwezi kuwaongezea mchango. Notisi zenyewe ni za Kiingereza, ingawa tukielezana darasani tunarudi kwenye Kiswahili.

Naomba unisaidie. Nifanyeje notisi za aljebra zimvute mtoto wa miaka 14 hadi azifungue mwenyewe akiwa nyumbani? Na je, niache michoro?

Mwalimu wa Hisabati, Rungwe


JIBU

Marahaba, mwanangu, na ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kwa barua iliyonionyesha darasa lako lilivyo.

Nianze na yule mtoto aliyeuliza ndizi mara ndizi ni nini. Mpongeze mbele ya wenzake. Alikusikiliza kwa makini: ulimwambia n ni ndizi, akalifuata neno lako hadi mwisho, akafika mahali pasipopitika. Ndizi mara ndizi haipo. Lakini bei mara idadi ipo, urefu mara urefu upo, na namba mara namba ipo siku zote. Herufi katika aljebra inasimama badala ya namba. Tukiifanya kifupi cha jina la tunda, mtoto anapata furaha ya kipindi kimoja, halafu kila mada inayofuata inamgomea.

Mtego huu wamenaswa wengi kabla yako. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Dietmar Küchemann aliwachunguza wanafunzi wa Uingereza wa umri uleule wa darasa lako, miaka 13 hadi 15. Alikuta wengi wanaichukulia herufi kuwa ni kitu, au wanaipuuza wanaposhindwa kujua waifanyie nini, na wachache tu wanaiona kuwa ni namba ambayo bado haijajulikana. Hao hawakuwa na ndizi za Tukuyu, na bado walikwama palepale.

Kwa hiyo michoro yako usiifute. Badilisha mstari mmoja chini yake: n ni bei ya mkungu mmoja kwa shilingi, p ni bei ya kilo moja ya parachichi kwa shilingi. Kisha rudi nao kwenye swali la kwanza la jaribio. Tuseme mkungu ni shilingi 8,000 na kilo ya parachichi ni 1,500. Waambie wahesabu 3n + 2p + n kwa bei hizo. Watapata 24,000, na 3,000, na 8,000, jumla 35,000. Sasa wahesabu na lile jibu la wengi, 6np: 6 × 8,000 × 1,500 = 72,000,000. Milioni sabini na mbili kwa mikungu minne ya ndizi na kilo mbili za parachichi! Huna haja ya kuwaambia wamekosea. Watoto wanaotumwa sokoni kila wiki wataliona wenyewe, tena watataka kujua ni jibu gani linalotoa 35,000. Wape dakika chache wabishane. Watafika kwenye 4n + 2p, na watakuwa wamefika kwa miguu yao.

Kitendo hicho cha kuweka namba mahali pa herufi ili kulipima jibu kipe nafasi ya kudumu chini ya kila ukurasa wa notisi zako, chini ya neno moja: Hakiki. Ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kukushauri, ningechagua hilo, kwa sababu linampa mtoto uwezo wa kujisahihisha akiwa peke yake, usiku, wewe haupo.

Ndilo linaloponya hata swali la migomba. Mtoto anasoma "migomba mara sita", mkono unaandika 6m kabla akili haijafika. Wala si uzito wa akili: katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali la sura hiyohiyo, la wanafunzi na maprofesa, lilitolewa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na zaidi ya theluthi yao walikosa, wengi wa waliokosa wakigeuza mlinganyo kichwa chini kama wa kwako walivyofanya. Waambie watoto waanze na shamba wanaloliona: miparachichi 10, migomba 60. Weka kwenye 6m = p, unapata 360 = 10. Weka kwenye m = 6p, unapata 60 = 60. Basi.

Sasa nije kwenye notisi zenyewe. Umeuliza zimvute mtoto hadi azifungue nyumbani. Ninavyoona mimi, hazifunguliwi kwa sababu hazina kazi iliyobaki. Kanuni ipo, mfano umemalizwa, jibu limepigiwa mistari miwili. Mtoto afungue akafanye nini? Rangi haitamrudisha. Atarudishwa na swali ambalo hajalimaliza, nafasi tupu inayomngoja, kosa ambalo hajalikamata, au mchezo anaotaka akamjaribie mtu. Notisi nzuri za umri huu ni zile zinazomwachia mtoto sehemu yake ya kuandika.

Nianze na mchezo, maana ndio unaofungulia mada. Mwambie kila mmoja afikirie namba bila kuitaja. Aizidishe kwa 2, ajumlishe 10, agawanye kwa 2, kisha atoe ile namba aliyoanza nayo. Halafu waambie: mmebaki na 5. Watu 74, kila mmoja na namba yake, wote wana 5. Wataguna. Usieleze kitu. Kwenye notisi andika hatua hizo upande wa kushoto, na upande wa kulia uwape mistari mitupu yenye kichwa "Nikiita namba yangu n". Kazi ya nyumbani ni kumfanyia bibi, au kaka, au vijana wa kijiwe cha bodaboda, kisha kujaza upande wa kulia na kueleza kwa nini 5 haikwepeki. Kesho yake watakuja na n, kisha 2n, kisha 2n + 10, kisha n + 5, na mwisho 5. Wenye haraka watakuwa wameshatunga mchezo wao unaobakisha 7. Hapo tayari wamerahisisha, wamegawanya na wametoa, na daftari limesomwa sebuleni mbele ya watu.

Baada ya mchezo, mifano. Hapa ndipo notisi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna utafiti wa John Sweller na Graham Cooper wa Australia, wa mwaka 1985, uliohusu aljebra hasa. Wanafunzi waliopewa mifano iliyokwisha kufanywa waichunguze kwa makini, walifanya maswali yanayofanana nayo kwa haraka na kwa makosa machache kuliko wenzao walioachwa wahangaike na maswali matupu tangu mwanzo. Mfano uliokamilika unasaidia, basi, ila usikae peke yake. Ufuatwe na mwingine uliopungua kidogo, na mwingine uliopungua zaidi, hadi mtoto abaki na swali tupu.

Tumia lumbesa. Watoto wa milima ya Uporoto na huko kwenu wameona magunia ya viazi yaliyorundikwa hadi yakafungwa kwa kamba juu, na wamesikia wazazi wakilalamika. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100. Swali liwe hivi: gunia limejazwa debe 6 za viazi, na juu yake kimeongezwa kilemba cha kilo 22. Mizani imesoma kilo 130. Debe moja lina kilo ngapi? Acha d iwe uzito wa debe moja kwa kilo.

Mfano wa kwanza, umekamilika:

6d + 22 = 130
6d = 108 (tumetoa 22 pande zote mbili)
d = 18 (tumegawanya kwa 6 pande zote mbili)
Hakiki: 6 × 18 + 22 = 108 + 22 = 130

Mfano wa pili, una matundu:

5d + 15 = 105
5d = ........ (tumetoa 15 pande zote mbili)
d = 18 (........................)
Hakiki: ........................

Mfano wa tatu, umebaki mstari wa kwanza na neno Hakiki:

4d − 6 = 66
........................
........................
Hakiki: ........................

Wa nne atunge mwenyewe, kwa gunia la nyumbani kwao. Angalia kwamba katika mfano wa pili jibu nimelitoa na sababu nimeificha. Ni kwa makusudi. Mtoto akipewa jibu hana tena hofu ya kulikosa, akili yake inabaki kwenye njia. Na ukitaka kuwafikisha kwenye milinganyo isiyo sawa (inequalities), gunia ni lilelile: debe moja ni kilo 18, je, unaweza kuweka debe ngapi bila kuvunja sheria? 18k haipaswi kuzidi 100, kwa hiyo ni debe 5, ya sita inavunja. Mtoto akimwonyesha baba yake hesabu hiyo msimu wa kuuza viazi, aljebra imepata heshima nyumbani.

Mwalimu wa Makete angechagua kitu kingine. Watoto wake wanaijua sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ya Juni na Julai, kwa hiyo namba hasi angezianzia kwenye kipimajoto cha uwanda wa Kitulo alfajiri. Wa Kyela angetumia mpunga. Chukua kilicho mlangoni kwa mtoto, lakini hakikisha herufi inabeba namba: nyuzi, kilo, shilingi, mita.

Kitu kingine ninachokipenda sana kwa umri huu ni kosa la mtu asiye na jina. Mtoto wa miaka 14 anaogopa kukosea mbele ya wenzake, ila kumkosoa mtu asiyemjua anafurahi. Katika kila mada weka ukurasani jibu moja bovu, lile hasa ambalo darasa lako hulitoa, bila kumtaja aliyelitoa. Kwa mfano: watu wawili wamepanda bajaji, kila mmoja amelipa nauli x na shilingi 500 za mzigo wake, jumla wamelipa 2,400. Mtu fulani ameandika:

2(x + 500) = 2,400
2x + 500 = 2,400
2x = 1,900
x = 950

Chini yake andika: amepotea mstari gani? Mwandikie sentensi mbili za kumsaidia. Wakihakiki watakuta watu wawili wa 1,450 kila mmoja wanalipa 2,900, siyo 2,400. Watarudi juu na kugundua kwamba abiria mmoja mzigo wake umesafiri bure, 500 ilitakiwa kuhesabiwa mara mbili. Nauli ya kweli ni 700. Zile sentensi mbili zina thamani kuliko zoezi la maswali kumi, kwa sababu mtu hawezi kueleza kosa asilolielewa. Siku ukikusanya madaftari, soma sentensi hizo kwanza.

Mada ya mabano ndipo michoro yako itakapolipa kuliko kote, na hapo ndipo utakapomjibu yule mtoto wako. Chora bustani ya mraba yenye upande wa mita x. Eneo lake ni x mara x. Hiyo ndiyo maana ya kuzidisha herufi kwa herufi, kipande cha ardhi unachoweza kukikanyaga. Sasa bustani imeongezwa mita 3 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, kwa hiyo eneo jipya ni (x + 3)(x + 2). Gawa mchoro katika vipande vinne, kila kimoja kina eneo lake: x², 3x, 2x na 6. Ukijumlisha unapata x² + 5x + 6. Kwenye notisi chora mstatili na mistari yake, vipande viwili viandikwe tayari na viwili uviache vitupu. Wanaoandika x² + 6, nao huwa wengi, wataona kwa macho kwamba kuna ardhi imeachwa bila kuhesabiwa. Waambie wahakiki kwa x = 10: 13 × 12 ni 156, na 100 + 50 + 6 ni 156, ilhali x² + 6 inatoa 106 tu. Uwanja ukiwa mkavu, toka nao nje na kamba, wapime bustani hiyo nyuma ya darasa. Hata wakipima mara moja tu kwa muhula, mchoro wa daftarini hautakuwa tena mistari mitupu.

Kwa wenzako wanaosema michoro ni ya chekechea, waambie Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 na ambaye hutajwa kila inapoelezwa aljebra ilikotoka, alithibitisha njia zake kwa kuchora miraba na mistatili ya namna hiyohiyo. Mchoro unaofanya kazi ya hesabu ni hesabu. Mchoro wa pambo, huo sawa, uache, unakula muda wako na chaki yako.

Kuna zoezi moja la ruwaza ambalo lingefaa sana kwa watoto wa wafugaji. Vyumba vya ndama vimejengwa kwa mstari, ukiviangalia kutoka juu kila kimoja ni mraba wa fito nne, na majirani wanachangia ubavu. Chumba kimoja fito 4, viwili 7, vitatu 10. Vyumba 20 je? Wape njiti za kiberiti wapange juu ya dawati. Mmoja atasema nimeanza na fito 4 kisha naongeza 3 kwa kila chumba kinachofuata, yaani 4 + 3(n − 1). Mwingine atasema kuna fito moja ya mwanzo, halafu 3 kwa kila chumba, yaani 3n + 1. Waache wabishane nani yuko sahihi. Wote wanapata 61 kwa vyumba 20, na ukifungua mabano ya wa kwanza unapata ya wa pili. Mtoto aliyepita hapo hataniuliza mimi wala wewe kurahisisha kunasaidia nini.

Chaki zako za rangi zipe kazi moja tu: alama ya sawasawa. Iandike kwa nyekundu, na zote zikae chini ya mwenzake kwa mstari wima. Watoto wana tabia ya kuandika 6d + 22 = 130 − 22 = 108 ÷ 6 = 18, wakidhani alama hiyo ina maana ya "jibu linafuata". Ukisoma walichoandika, wamesema 130 kutoa 22 ni sawa na 18. Wafundishe kwamba kushoto na kulia ya nyekundu lazima kulingane kila mstari. Pembeni ya ukurasa waandikie kisa kifupi, maana visa vya pembeni watoto huvikumbuka: alama hiyo iliwekwa mwaka 1557 na Robert Recorde, daktari na mwanahisabati wa Wales, aliyechagua mistari miwili sambamba akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo.

Nikugeukie kwenye darasa la watu 74 lisilo na kopi. Ukurasa mmoja wa daftari kwa mada ndogo moja, usizidi. Monita asinakili kipindi kikiendelea. Aandike ubaoni kabla ya kipindi, asubuhi au wakati wa mapumziko, na kwa kuwa matundu mengi hayana maneno, kazi ya kuandika imepungua karibu nusu. Muda uliobaki wautumie kujaza matundu wawili wawili kwenye dawati, wewe unapita. Manila zako zitumie kwa vitu viwili vitakavyokaa ukutani mwaka mzima: mstatili wa mabano, na ule mfano wa kwanza wa lumbesa na sababu zake.

Wafundishe kuukunja ukurasa. Theluthi ya kulia ya kila ukurasa iwe ya majibu na sababu, theluthi mbili za kushoto ziwe za maswali na hatua. Nyumbani anakunja ile ya kulia, anajiuliza, anaandika kwenye karatasi chakavu, anafunua, anajisahihisha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka mengi zaidi wiki moja baadaye kuliko wale waliorudia kusoma tu, ingawa hao wa kurudia ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wameelewa. Hilo la imani uwaambie watoto waziwazi. Kusoma daftari kwa macho kunampa mtu raha ya kudhani anajua.

Kuhusu lugha: upimaji ni wa Kiingereza, kwa hiyo kanuni na mifano ibaki hivyo. Ila sentensi za kueleza kosa na sababu za pembeni, mruhusu mtoto aziandike kwa Kiswahili kwanza, kisha muhula wa pili muanze kuzihamisha pamoja. Kurasa mbili za mwisho za daftari ziwe za msamiati, anaongeza neno kila linapojitokeza. Zaidi ya hapo usijitwishe.

Na mtaaluma wako ana hoja, usimpinge. Muhtasari ni mrefu na upimaji haungoji. Usimpelekee maneno, mpelekee madaftari. Fanya mada moja tu kwa njia hii, ya mabano, kwa kuwa ndiyo mliyopo. Baada ya wiki mbili toa maswali sita mafupi bila kuwatangazia, matatu ya mabano na matatu ya mada iliyotangulia uliyoifundisha kwa notisi za kawaida, kisha muweke karatasi mbele mlinganishe. Mwonyeshe pia muda ambao haukutumika kunakili. Akikubali, endelea na mada inayofuata. Notisi za kidato cha kwanza uziandike upya taratibu likizo ya Juni, na kama kuna mwalimu wa hisabati shule ya jirani, gawaneni mada, yeye milinganyo, wewe ruwaza na kurahisisha, ili mwaka ujao msianze tena kila mtu peke yake.